Ubalozi Gani, Dirisha Lipi: Mwongozo kwa Mkazi wa Tanga Mwenye Haja Ubalozini

Mkazi wa Ngamiani akisikia neno “balozi”, aghalabu wa kwanza kumjia akilini ni balozi wa nyumba kumi: mtu mmoja anayemfahamu kila mpangaji, anayesuluhisha ugomvi wa uani, na anayeweza kukuongoza hadi kwa mtendaji wa mtaa ukihitaji barua ya utambulisho. Ubalozi wa nchi haufanyi kazi namna hiyo. Humo ndani kazi zimegawanywa, kila idara ina mlango wake, saa zake na mipaka ya mamlaka yake, na afisa wa idara moja hawezi kukutatulia jambo la idara nyingine hata akikuonea huruma. Kwa mtu wa Dar es Salaam, kukosea mlango ni hasara ya asubuhi moja. Kwa mtu wa Tanga ni nauli ya kilomita zipatazo 350 kwenda na nyingine kama hizo kurudi, pamoja na malazi. Kazi yangu ni kuwaandikia watu barua na kuwajazia fomu katika steshenari, na makosa ninayoyaona karibu yote yanatokana na maswali mawili ambayo mtu hakujiuliza kabla ya kukata tiketi: jambo langu linahusu ubalozi wa nchi gani, na ndani ya ubalozi huo ni la idara ipi?

Kwanza, ubalozi wa nani?

Mama mmoja wa Chumbageni alinijia asubuhi, na baada ya salamu akasema, “Mwanangu, niandikie barua ya kwenda ubalozi wa Oman pale Dar. Binti yangu yuko Maskati, anafanya kazi za ndani, mwezi wa pili huu simu yake haipatikani.” Nilimpa kiti, nikamweleza jambo ambalo watu wengi hulichanganya. Ubalozi wa Oman ulioko Dar es Salaam ni mwakilishi wa Serikali ya Oman kwetu. Huhudumia raia wa Oman waliopo hapa, hushughulika na watu wanaotaka kwenda Oman, na huzungumza na Serikali yetu. Mwenye wajibu wa kumtafuta Mtanzania aliyeko Maskati ni Ubalozi wa Tanzania ulioko Maskati. Raia hulindwa na ubalozi wa nchi yake ulioko mahali alipo, na huo ndio msingi wa Mikataba ya Vienna, ule wa mahusiano ya kidiplomasia wa mwaka 1961 na ule wa mahusiano ya kikonseli, yaani huduma za ubalozi kwa raia na wasafiri, wa mwaka 1963.

Kwa hiyo jipime hivi: ukitaka kwenda nchi fulani, kusoma huko au kufanya biashara nayo, nenda kwenye ubalozi wa nchi hiyo uliopo hapa. Ikiwa ndugu yako tayari yuko huko na amepatwa na jambo, mtafute balozi wetu aliyeko huko. Ubalozi mmoja huweza kubeba nchi kadhaa. Ule wetu wa Stockholm, kwa mfano, huhudumia pia nchi jirani za Skandinavia. Vivyo hivyo si kila nchi ina ofisi hapa: Australia huwakilishwa kwetu kutoka Nairobi. Na ingawa makao makuu ya nchi ni Dodoma, balozi nyingi bado ziko Dar es Salaam, ila Wizara yetu ya Mambo ya Nje na Ushirikiano wa Afrika Mashariki ina makao yake Dodoma. Nchi za Jumuiya ya Madola huziita ofisi zao kwa jina tofauti kwa Kiingereza, lakini kwa Kiswahili zote ni balozi na kazi ni ile ile.

Idara za ndani

Balozi mwenyewe ni mwakilishi wa mkuu wa nchi yake, na huanza kazi rasmi baada ya kuwasilisha hati za utambulisho kwa Rais wetu. Hapokei maombi ya viza, na barua ya kumsihi abatilishe uamuzi wa dirishani ni karatasi iliyopotea bure. Idara ya siasa na mwambata wa jeshi hushughulika na serikali, si na raia wa kawaida. Idara ya utawala na fedha hukuhusu tu ikiwa unatafuta kazi ya udereva, ulinzi, ukarani au ukalimani ubalozini, na nafasi hizo hutangazwa hadharani.

Idara ambayo wengi wetu huifuata ni ya kikonseli, na ndani yake dirisha linalojaa zaidi ni la viza. Siku hizi balozi nyingi hazipokei fomu langoni. Maombi hujazwa kwa intaneti, miadi huwekwa, na pengine nyaraka hupokelewa na kituo maalumu chenye mkataba na ubalozi, ambacho kazi yake ni kupokea na kuchukua alama za vidole, wala hakina sauti katika uamuzi. Mfano mzuri ni viza ya Schengen, inayotumika katika nchi kama Ujerumani, Ufaransa, Italia na Uholanzi. Maombi hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari na yasichelewe zaidi ya siku 15 kabla yake. Pasipoti iwe imetolewa ndani ya miaka 10 iliyopita, iwe na kurasa 2 tupu, na ibaki hai kwa angalau miezi 3 baada ya tarehe ya kuondoka huko. Bima ya safari isipungue yuro 30,000. Viza hiyo hukuruhusu kukaa siku zisizozidi 90 katika kila siku 180, na ada yake kwa mtu mzima ni yuro 90 tangu Juni 2024, ambayo hairudishwi ukikataliwa. Ukipita nchi kadhaa, peleka maombi kwa ile utakayokaa muda mrefu zaidi, si kwa ile yenye miadi ya karibu.

Marekani ina fomu yake ya DS-160 na mahojiano ya ana kwa ana, na sheria yake humchukulia karibu kila muombaji wa viza ya matembezi kuwa ana nia ya kuhamia mpaka yeye mwenyewe athibitishe vinginevyo. Jambo hili huwaumiza watu waaminifu. Mkulima wa machungwa wa Muheza ambaye akaunti yake hunona wakati wa msimu na kukauka miezi iliyobaki si mtu wa kutiliwa shaka, lakini afisa aliye mbele yake huona tu fedha nyingi zilizoingia ghafla. Ambatisha stakabadhi za mauzo na barua fupi inayoeleza msimu unaanza lini na kuisha lini, pamoja na hati ya shamba. Usikope fedha ili kupamba taarifa ya benki, kwa kuwa swali la kwanza litakuwa zimetoka wapi, na jibu la kubabaisha huharibu hata yale ya kweli uliyoyasema.

Nyaraka, mahali ambapo safari nyingi hukwama

Dirisha la pili la kikonseli ni la kuthibitisha nyaraka: cheti cha kuzaliwa, cheti cha ndoa, vyeti vya shule, hati ya tabia njema ya Polisi. Hapa ningependa msomaji atulie, kwa sababu utaratibu wenyewe ni mwepesi ukiuelewa. Ubalozi hausomi cheti chako ili kujua kama ulizaliwa kweli Pongwe. Hutazama mhuri na saini ya mwisho, kisha hujiridhisha kwamba ni vya afisa ambaye ubalozi wenyewe humtambua. Ndiyo maana uthibitisho huenda kama mnyororo: cheti cha kuzaliwa huhakikiwa kwanza na RITA, wakala wa Serikali wa usajili wa vizazi na vifo, na vyeti vya kidato cha nne na cha sita na NECTA, yaani Baraza la Mitihani, kisha Wizara ya Mambo ya Nje huthibitisha mhuri wa taasisi hiyo, na mwisho ubalozi huthibitisha mhuri wa Wizara. Ukiruka hatua moja, anayefuata hana cha kulinganisha nacho, na utarudishwa. Ikiwa nyaraka iko kwa Kiswahili, uliza mapema wanataka tafsiri ya lugha gani na imeandaliwa na nani.

Kabla ya yote hayo, kaa chini na nyaraka zako zote, ukalinganishe majina herufi kwa herufi. Huku pwani majina yetu huandikwa kila karani anavyoyasikia. Nimewahi kutandaza mezani nyaraka za mwanamke mmoja: kitambulisho cha NIDA kilisema Mwanahamisi Athumani, cheti cha kuzaliwa kilisema Mwanakhamis Othman, na cheti cha ndoa kilikuwa na Mwanahamis Athuman. Kwa mtu wa Tanga huyo ni mtu mmoja bila shaka yoyote. Kwa afisa aliyekulia ughaibuni ni watu watatu. Marekebisho hayo hufanyika hapa hapa, kwa hati ya kiapo mbele ya wakili na kwa taasisi iliyotoa cheti. Huchukua wiki, pengine miezi, kwa hiyo yaanze kabla ya kulipia kitu chochote kingine.

Biashara, masomo na miradi

Idara ya uchumi na biashara haitumiwi ipasavyo na watu wa mkoa wetu, nami huliona hilo kuwa hasara kubwa. Mwenye iliki na mdalasini wa Amani, au mwani wa pwani, anaweza kuiandikia idara hiyo akiuliza kanuni za kuingiza bidhaa yake, orodha ya wanunuzi, au kama kampuni inayomwahidi mkataba imesajiliwa kweli huko kwao. Barua yako itaje kiasi unachoweza kutoa kwa msimu, ubora na namna ya ufungashaji. Barua isemayo tu “natafuta mnunuzi” haimpi afisa pa kuanzia. Cheti cha asili ya bidhaa, kinachoonyesha imetoka nchi gani, hakitoki ubalozini bali TCCIA, chemba yetu ya wafanyabiashara, wenye viwanda na wakulima.

Masomo huwa chini ya idara ya elimu na utamaduni, ingawa maombi mengi ya ufadhili hupita kwa intaneti moja kwa moja. Chevening ya Uingereza, kwa mfano, hutaka shahada na saa 2,800 za uzoefu wa kazi, na kuiomba ni bure. Taasisi za lugha, kama Goethe-Institut na Alliance Française, zina ofisi na utaratibu wao nje ya ubalozi. Baadhi ya balozi zina pia dirisha la miradi midogo ya kijamii. Japani inajulikana kwa kufadhili madarasa, zahanati na visima, lakini fedha hizo hupewa taasisi na halmashauri, si mtu binafsi.

Siku ya kwenda

Balozi hufunga siku za sikukuu zetu na baadhi ya sikukuu za nchi zao. Mwaka mmoja nilimsindikiza kijana hadi lango la ubalozi mmoja, tukakuta bendera inapepea na mlinzi peke yake. Ilikuwa siku ya taifa lao, na mimi sikuwa nimeangalia kalenda. Fika mapema, na usitegemee basi la asubuhi hiyo hiyo, kwa kuwa foleni ya kutoka Mbezi kuingia mjini haina ahadi. Simu na mikoba mikubwa mara nyingi haviruhusiwi ndani, hasa Ubalozi wa Marekani, ambao ulishambuliwa kwa bomu tarehe 7 Agosti 1998. Kwa hiyo chapisha barua ya miadi kwenye karatasi. Anayekufuata nje ya lango akidai ana mtu wake ndani ni kishoka. Ada hulipwa kwa njia iliyoandikwa kwenye tovuti ya ubalozi, na hakuna afisa anayeuza viza kupitia mtu wa barabarani.

Balozi zetu ughaibuni

Mtanzania aliyepoteza pasipoti huko aliko huenda kwenye ubalozi wetu kupata hati ya dharura ya kusafiria; kwa watu wetu wanaovuka mpaka wa Horohoro kwenda Kenya mara kwa mara, ofisi ya karibu ni ubalozi wetu mdogo wa Mombasa. Akikamatwa, ana haki, kwa ibara ya 36 ya mkataba wa 1963, kuomba ubalozi wake upewe taarifa bila kuchelewa. Maafisa wanaweza kumtembelea na kumtafutia orodha ya mawakili, lakini hawawezi kumtoa rumande wala kumlipia faini. Akifariki, ubalozi hutoa barua na kusimamia hati za kusafirisha mwili, na gharama kwa kawaida hubaki kwa familia; ndiyo maana familia nyingi za Kiislamu huamua mazishi yafanyike huko huko, nao ubalozi husaidia kupata hati ya kifo kwa ajili ya mirathi.

Barua ya yule mama tuliielekeza kwa Ubalozi wa Tanzania, Maskati, na nakala kwa Wizara, Dodoma. Tuliandika jina la binti kama lilivyo kwenye pasipoti, namba ya pasipoti, jina la wakala aliyempeleka, jina la mwajiri na mtaa kadiri alivyowahi kuutaja, tarehe ya mazungumzo ya mwisho na alichosema siku hiyo, uhusiano wao, na namba ya simu ya mama. Ombi lilikuwa moja: ubalozi umtafute, umsikie yeye mwenyewe, na utujulishe hali yake. Hatukumtuhumu mwajiri kwa lolote tusilolijua. Namba ya pasipoti tuliipata kwa sababu binti, usiku wa kuamkia safari, aliipiga picha pasipoti yake na kumtumia mdogo wake kwenye simu.