Majani ya mpera kwa tumbo la kuendesha

Dawa inayotafutwa iko nchani mwa tawi: majani mawili matatu ya mwisho, laini, yenye kijani cha kung'aa. Likunje moja kati ya vidole. Likinukia pera, hilo ndilo. Yale makubwa ya chini yaache, hasa yenye wadudu weupe kama unga au masizi meusi. Usichume kando ya barabara wala kwenye mti uliopuliziwa dawa.

Osha majani 10, yachane kwa mkono, tia kwenye vikombe 2 vya maji. Funika, chemsha kwa moto mdogo dakika 10, kisha chuja. Maji yakifanana na chai ya rangi iliyo nyepesi, yameiva. Ukionja, ulimi unakazana: huo ukakasi ni tanini, ndiyo inayosaidia kufunga choo. Ukipika nusu saa, ukakasi unazidi na unaweza kumtapisha mgonjwa. Usitie maziwa, kwani yanaishika tanini na kuipunguzia nguvu.

Mtu mzima hunywa nusu kikombe mara 3 kwa siku. Choo kikianza kukaza, acha. Wengi huendelea "kumalizia dawa" na kuishia kufunga choo siku kadhaa. Maji ya dawa yaliyolala usiku kucha yamwage. Anayetumia dawa za kisukari asinywe bila kumuuliza daktari, maana majani haya hushusha sukari. Kwa fizi zinazouma, sukutua nayo ikiwa vuguvugu, uteme.

Lakini anayeharisha huuawa na upungufu wa maji, na majani hayarudishi maji wala chumvi. Kwa hiyo ORS, unga wa chumvi na sukari unaokorogwa katika maji safi, hutangulia. Isipopatikana, koroga vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi katika lita 1 ya maji safi. Vijiko viwe vya kusawazisha, si vya kurundika: chumvi ikizidi inamdhuru mtoto. Onja, isizidi chumvi ya machozi. Anywe kidogo kidogo kila baada ya choo.

Mtoto wa chini ya miaka 5 msimpe majani kabisa. Mpeni ORS, aendelee kunyonya, na zahanati itampa vidonge vya zinki vya siku 10 hadi 14.

Choo chenye damu, au cheupe kama maji ya mchele, macho yaliyoingia ndani, ngozi ya tumbo ikifinywa hairudi haraka: hapo sufuria ibaki jikoni, mgonjwa apelekwe hospitali saa hiyo hiyo, akinywa ORS njiani.