Somo: Kuondoa kaboni juu ya pistoni kwa kiyeyushi

Somo hili ni la mwenye gari lililoanza kula oili: kila baada ya wiki mbili unachomoa kijiti cha kupimia na kukuta oili imeshuka, ilhali chini ya gari hakuna hata tone lililovuja, na asubuhi ukiliwasha linatoa moshi wa bluu. Nitatumia mfano wa injini ya 1NZ-FE ya Toyota, yenye silinda nne na ujazo wa sentimita za ujazo 1,497, kwa kuwa ndiyo iliyomo katika Probox na Fielder nyingi tunazopishana nazo kila siku kwenye barabara ya Thika na ya Jogoo.

Kwanza tuelewe kaboni imekaa wapi. Kila pistoni, yaani kipande kinachopanda na kushuka ndani ya silinda, ina ringi tatu, na ile ya chini kabisa ndiyo inayokwangua oili ukutani mwa silinda na kuirudisha chini kupitia matundu madogo yaliyo nyuma yake. Gari likiishi kwenye msongamano, likienda safari fupi, na oili ikicheleweshwa kubadilishwa, mabaki ya oili iliyoungua hugandamana ndani ya matundu hayo hadi ringi ikanata. Dawa ya kuchanganya na petroli huweza kusafisha nozeli na kupunguza kaboni kidogo kidogo, lakini haifiki pale kwa kiasi cha kutosha. Ndiyo maana tunakimimina kiyeyushi, yaani kioevu cha kuyeyusha kaboni, juu ya pistoni yenyewe na kukiacha kishuke polepole hadi kwenye ringi. Kiyeyushi hufanya kazi kwa muda, si kwa wingi, na kazi haijaisha mpaka chote kimetoka ndani ya injini.

Kabla ya kununua chochote, pima kompresheni, yaani nguvu ya hewa inayogandamizwa na pistoni, ya silinda zote. Usishtuke ukiona kipimo kiko chini ya kile kilichoandikwa katika vitabu, kwa sababu Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari na shinikizo la hewa yake ni dogo kuliko la Mombasa kwa takriban asilimia 18. Linganisha silinda na silinda. Iliyo dhaifu itie kijiko kimoja cha oili kupitia tundu la plagi, kisha upime tena. Kipimo kikipanda, tatizo liko kwenye ringi na somo hili linakuhusu. Kisipopanda, shuku vali au gasketi ya silinda hedi, na kiyeyushi hakitakusaidia kwa lolote.

Hatua ya kwanza. Egesha gari mahali pa wazi, mbali na jiko la makaa na mtu anayevuta sigara, injini ikiwa vuguvugu. Vaa glavu na miwani. Puliza vumbi lililojaa kwenye visima vya plagi kabla ya kufungua kitu, maana mchanga ukidondoka ndani utakwaruza silinda. Fungua koili zinazopeleka umeme kwenye plagi kwa spana ya 10, zichomoe pamoja na waya zake, kisha utoe plagi zote nne na kuzipanga kwa mpangilio wa silinda zake. Plagi iliyolowa oili au yenye ukoko mweusi itakuonyesha silinda inayohitaji uangalifu zaidi. Ondoa pia fyuzi iliyoandikwa EFI ili petroli isirushwe baadaye tutakapozungusha injini.

Hatua ya pili ndiyo ambayo wengi huiruka. Chukua mirija minne ya soda iliyo mirefu na yenye urefu sawa, tumbukiza mmoja katika kila tundu hadi uguse pistoni, kisha zungusha puli ya kranki (gurudumu lililo mwisho wa mhimili mkuu wa injini) taratibu kwa rinchi, kufuata mwendo wa mshale wa saa. Utaona miwili ikipanda na miwili ikishuka. Simama pale vichwa vya mirija vinapolingana. Hapo pistoni zote nne ziko katikati ya mwendo wake na kiyeyushi kitatulia juu ya zote kwa usawa. Hakikisha umeitoa mirija yote kabla ya kuendelea.

Hatua ya tatu: mimina mililita 50 katika kila silinda kwa bomba la sindano lenye mpira laini. Pistoni hii ina kipenyo cha milimita 75, kwa hiyo kiasi hicho huifunika kwa kina cha takriban sentimita 1, na hakuna faida ya kuzidisha. Funika matundu kwa kitambaa safi, uache usiku kucha. Kila baada ya saa mbili au tatu, kabla hujalala, tikisa puli mbele na nyuma kidogo sana ili ringi zisogee, na uongeze kiyeyushi palipokauka.

Hatua ya nne ninaiomba isomwe mara mbili. Asubuhi, nyonya kioevu chote kilichobaki. Kitarudi cheusi kama masizi ya sufuria, na ukikimwaga kwenye kopo jeupe utaona chembe za kaboni zikizama. Uwiano wa mgandamizo wa injini hii ni 10.5 kwa 1, maana yake pistoni ikifika juu kabisa hubakiwa na nafasi ya takriban mililita 39 tu. Kioevu hakigandamizwi kama hewa. Mtu aliyeacha mililita 50 ndani, akarudisha plagi na kupiga stata, ameiambia pistoni ipite mahali pasipopitika. Jirani yangu alipoteza injini namna hiyo: fundi aliyemsaidia alikuwa na haraka, stata ikagonga mara moja, na konrodi ya silinda ya tatu, yaani mkono unaoiunganisha pistoni na kranki, ikapinda. Kwa hiyo, plagi zikiwa bado nje, koili na fyuzi zikiwa bado zimetolewa, tandaza vitambaa juu ya matundu, simama kando, kisha mwenzako apige stata kwa sekunde tano, mara tatu. Kilichobaki kitaruka kwenye vitambaa.

Hatua ya tano. Usiwashe injini kwa oili ya zamani, kwa sababu kiyeyushi kilichopenya kwenye ringi kimeingia ndani yake na kuifanya nyepesi kama maji. Imwage, badilisha filta, tia oili mpya lita 3.7, rudisha plagi, koili na fyuzi, ndipo uwashe. Moshi mzito utatoka kwa dakika kadhaa. Hili si jambo la kufanyia kwenye maegesho ya chini ya jengo la ghorofa. Oili hiyo mpya mimi huibadilisha baada ya kilomita 1,000, kwa kuwa hubeba uchafu ulioendelea kulegea.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwanachama, Kayole: Mwalimu, naweza kutumia soda kali (kostiki soda), au ile dawa ya kusafishia oveni? Kwenye sufuria inatoa ukoko wote.

Jibu: Hapana, ndugu yangu. Soda kali hula alumini, na pistoni zako ni za alumini. Epuka vilevile dawa ya kusafishia breki yenye klorini, kwani mabaki yake yakikutana na joto la injini hutoa gesi ya sumu. Tafuta kiyeyushi kilichoandikwa kuwa ni cha kuondoa kaboni ndani ya injini. Mafuta ya taa hayataharibu pistoni, lakini ni dhaifu mno kwa kaboni iliyokomaa.

Mwanachama, Lang'ata: Mimi nina Mark X yenye injini ya 4GR-FSE. Nimetia dawa kwenye tangi mara tatu na bado inatetemeka ikiwa imesimama.

Jibu: Injini yako hurushiwa petroli moja kwa moja ndani ya silinda, dada, kwa hiyo vali za kuingiza hewa haziguswi na petroli wala na dawa iliyomo. Kaboni hujikusanya mgongoni mwa vali hizo. Ikithibitika kwamba ndiyo chanzo cha mtetemo, ni lazima manifoldi ya hewa, yaani mabomba yanayogawa hewa kwa silinda, ifunguliwe, kisha kila vali isafishwe ikiwa imefungwa, kwa kiyeyushi na brashi.

Mwanachama, Ruiru: Nilifuata hatua zote, lakini oili bado inapungua, ingawa si kama zamani.

Jibu: Rudia mara moja zaidi utakapobadilisha oili. Kama baada ya hapo hakuna tofauti, ringi zimechakaa au mipira ya vali imekauka, na hilo ni la kufungua injini. Usiendelee kununua makopo ya kiyeyushi.

Mwanachama, South B: Kile kioevu cheusi pamoja na oili ya zamani nimwage wapi?

Jibu: Tia kwenye mtungi wenye kifuniko, ukipeleke kwenye gereji inayokusanya oili chafu, na uwaambie kuwa imechanganyika na kiyeyushi. Mtaro ulio karibu nawe huishia Mto Ngong, na vitambaa ulivyotumia vianike nje vikauke kabla ya kuvitupa, visije vikashika moto kwenye pipa.