Kuwafungia watoto vipindi vya wakubwa kwenye TV: king'amuzi, Google TV na YouTube

Swali la jinsi ya kuwafungia watoto vipindi vya wakubwa nimelijibu kwa simu na kwa meseji hadi nimechoka, na kila mara nasahau kipengele kimoja. Leo naandika lote. Tafadhali soma hadi mwisho ndipo uulize.

Kwanza elewa kwamba TV ya siku hizi ina milango miwili: king'amuzi kinachoingia kwa waya wa HDMI, na intaneti iliyomo ndani ya TV yenyewe. Kila mlango una kufuli lake. Ukifunga king'amuzi, YouTube bado iko wazi, na ukifunga YouTube, king'amuzi bado kiko wazi. Wazazi wengi wanaonipigia wamefunga mmoja tu.

1. King'amuzi: ingia menyu, mipangilio, tafuta "Parental Control", chagua umri. DStv wana ngazi za PG, 13, 16 na 18. Kwangu nimefunga kuanzia 13.

2. Badilisha namba ya siri hapohapo. Explora, king'amuzi cha DStv, inatoka kiwandani na 1234, TV za Samsung 0000, na watoto wa darasa la tatu wanazijua. Usiweke mwaka wako wa kuzaliwa wala namba ya M-Pesa, kwa sababu mtoto unayemtuma dukani na simu yako huenda ameshaishika. Weka namba watoto wakiwa nje, maana wanasoma kidole chako kwenye rimoti.

3. Kama TV ni Google TV, yaani inaendeshwa na mfumo wa Google, nenda kwenye picha ya profaili, ongeza akaunti ya mtoto, chagua programu unazomruhusu, weka muda wa kutazama na saa ya kulala.

4. Hapa ndipo nilipoharibu. Nilitengeneza profaili ya mtoto nikaridhika, sikuifunga kwa namba ya siri. Kijana wangu wa miaka minane alibonyeza ile picha, akachagua profaili yangu, akawa ndani ya kila kitu changu. Ilipita wiki nzima sijui, hadi nilipofungua historia ya YouTube nikakuta video ambazo mtu mzima mwenyewe angezizima. Iliniuma sana. Kwa hiyo, ukimaliza hatua ya 3, tafuta "Profile lock" uiwashe. Bila hiyo, yote uliyofanya ni pazia tu. Kisha jaribu mwenyewe: shika rimoti, jaribu kutoka kwenye profaili ya mtoto. Ikikuuliza namba, umefaulu. Isipokuuliza, rudia.

5. "Hali yenye Mipaka" ya YouTube (Restricted Mode, inayochuja video za wakubwa) iwashe, lakini usiitegemee peke yake. Kwenye TV mtu yeyote mwenye rimoti anaweza kuizima. Pia nimeona mwenyewe video za matusi ya Kiswahili cha mtaani zikipita bila shida.

6. Netflix: funga profaili za wakubwa kwa namba. Inafanyika kwenye akaunti yako kupitia simu au kompyuta.

MASWALI

Mwanachama wa Mbeya: Mkuu, nimeweka saa ya kulala saa mbili lakini usiku TV haizimi. Hii kitu haifanyi kazi.

Jibu: Inafanya. Umeandika 2:00, na TV inasoma saa nane usiku. Saa mbili usiku ni 20:00. Angalia pia kama saa ya TV yenyewe iko sawa.

Mwanachama wa Temeke: Mimi nimefunga king'amuzi, mbona watoto bado wanaangalia YouTube?

Jibu: Ndugu, rudi aya ya pili.

Mwanachama wa Temeke: Si ungejibu tu?

Jibu: Jibu limeshaandikwa hapo juu. Fanya hatua ya 3 na ya 4.

Mama wa watoto wawili, Tanga: Asante kaka kwa somo. Je, flashi? Jamaa wa muvi anatuwekea za kutafsiriwa, katuni na za kivita zote humohumo.

Jibu: Dada, swali zuri sana, na nilipaswa kuliandika. Kwenye profaili ya mtoto usiruhusu programu inayofungua flashi. TV nyingi pia zina sehemu ya kufunga viingilio, yaani HDMI na USB, ndani ya "Parental controls". Na huyo jamaa mwambie akuwekee flashi mbili, ya watoto na ya wakubwa, kila moja rangi yake. Ya wakubwa ikae kabatini.

Mwanachama wa Mombasa: Binti yangu mkubwa hurusha video kutoka kwa simu yake hadi kwa TV. Profaili inazuia hiyo?

Jibu: Usiitegemee kwa hilo. Simu iliyo kwenye Wi-Fi moja na TV inaweza kurusha, na video inafuata mipaka ya akaunti ya simu. Kama binti bado mdogo, simamia akaunti yake kwa Family Link, programu ya Google ya wazazi kusimamia akaunti za watoto. Kama ni mkubwa, kaa naye mzungumze kuhusu anachorusha wadogo zake wakiwapo.

Mwanachama wa Mombasa: Shukran. Nami niongeze: badilisha nywila ya Wi-Fi kwanza. Kwangu alikuwa mtoto wa jirani.

Jibu: Hilo nalifanya leo jioni.