Kabla hujaiamini programu ya siri, angalia funguo anazo nani

Jamani aplikesheni ikijinadi kwamba meseji zako hakuna anayezisoma, cheki kwanza nani kaitengeneza na kama msimbo wake (yale maandishi ya kompyuta yanayoiendesha) uko wazi watu wa nje wakaukagua. Kampuni ya Uswisi Crypto AG iliuzia zaidi ya nchi 100 mashine za kuficha mawasiliano, kumbe toka 1970 wenye mali kwa siri ni CIA na wenzao wa Ujerumani Magharibi, imekuja kuanikwa 2020. Yani wateja walitoa hela yao wenyewe ili wasomwe 😅 Halafu 2021 ikaja ya ANOM, simu ambazo wahalifu waliziamini balaa, kumbe nakala ya kila meseji inaenda FBI.

Mi naielewa zaidi Signal, aplikesheni ya meseji, msimbo uko wazi, na 2016 mahakama Marekani ilipodai data za mtumiaji walikuwa na tarehe ya kufungua akaunti na siku ya mwisho kuingia, basi.

Ila kwa sisi wa WhatsApp tundu kubwa liko kwenye bakapu, yani nakala ya akiba ya chati zako, ile inayopanda Google Drive au iCloud haifungwi kwa siri mpaka uwashe mwenyewe. Ingia mipangilio, nenda kwenye chati, fungua sehemu ya bakapu utaiona, weka nywila ndefu uiandike kwenye karatasi maana ukiisahau na simu ikapotea hata WhatsApp wenyewe hawakurudishii kitu. Na unayechati naye mwambie awashe pia, kwake kuna nakala ya maneno hayohayo.