Kanisa au msikiti mkongwe kando ya ziwa: shughulikia maji kwanza

Majengo mengi ya ibada ya zamani ukanda wa Ziwa Victoria hayaanguki kwa uzee. Yanaliwa na maji, kisha fundi anakuja kuyamalizia na saruji. Ndiyo maana fedha ya kwanza ya kamati isiende kwenye rangi wala vigae, iende kwenye bati na gata, yaani mfereji wa kukinga maji ya paa. Kazi ifanyike kati ya Juni na Septemba, kabla vuli haijaanza.

Panda ngazi asubuhi jua likiwa bado la upande, kwa sababu mwanga wa pembeni huonyesha misumari iliyoinuka. Upepo wa ziwani hutikisa bati kidogo kidogo mpaka tundu la msumari linapanuka. Usiupigilie ule ule tena. Ung'oe, ziba tundu, kisha kando ya tundu hilo piga mpya wenye kofia na mpira, na upite kwenye mgongo wa bati. Ukiupiga kwenye bonde, maji yote yatapita juu yake. Bati jipya lilale juu ya lenzake kwa sentimita 15 kwenye urefu na mgongo mmoja na nusu ubavuni. Mkiwa huko juu, gongeni kenchi na papi, mbao zinazobeba bati, kwa bisibisi: penye mlio mtupu, mchwa ameshakula ndani.

Gata ishuke sentimita 1 kwa kila mita 2. Ikilala sawa inatuama na kujaa majani. Ikiinama sana, mvua kubwa huruka ukingo. Bomba la kushushia lisimwage maji miguuni pa ukuta, lipelekeni walau mita 2 mbali, au kwenye tangi. Hesabu yake ni rahisi: mvua ya milimita 1 juu ya paa la mita za mraba 200 ni lita 200, hivyo mvua moja nzuri ya milimita 30 inaleta lita 6,000. Tangi dogo litafurika kabla mvua haijakatika, kwa hiyo tengenezeni njia ya ziada ya kutolea maji. Kwa misikiti, kagueni pia sehemu ya kutawadhia. Bomba linalovuja pale hulowesha msingi kila siku, kiangazi na masika.

Kama jengo liko chini ya mawe ya mlima, kama ilivyo sehemu nyingi za Mwanza mjini, chimbeni mtaro upande wa juu ili maji yakatwe kabla ya kufika ukutani. Udongo uliorundikana ukafunika chini ya ukuta uondolewe, usawa wa nje uwe chini ya sakafu ya ndani.

Sasa ukuta wenyewe. Kwangua kiungo cha matofali au mawe kwa msumari. Kikimeguka rangi ya udongo, ni tope. Kikitoa unga mweupe, ni chokaa. Kama msumari unateleza tu, ni saruji. Ukuta wa tope au chokaa huvuta unyevu kutoka ardhini na kuutoa tena kupitia viungo. Ukiupaka plasta ya saruji, unyevu unakosa pa kutokea, unapanda juu zaidi, na chumvi yake inapasua uso wa tofali. Baada ya misimu michache plasta inajitenga ikiwa na vipande vya tofali mgongoni. Watu husema saruji ilikuwa mbovu, wakati kosa ni kwamba ilikuwa ngumu mno. Rangi ya plastiki huziba vivyo hivyo.

Dawa ni chokaa. Loweka chokaa ya mfuko kwenye pipa, maji yaifunike, angalau usiku kucha. Ikikaa wiki kadhaa inakuwa laini zaidi. Vaa glavu na miwani, chokaa huunguza macho. Changanya karai 1 la chokaa na makarai 3 ya mchanga wa chembe kali. Mchanga wa ufukweni huwa laini mno, afadhali wa mtoni. Upime: tia kwenye chupa hadi theluthi, jaza maji, tikisa, acha hadi kesho. Tabaka la tope likizidi sehemu 1 ya 10 ya mchanga, uoshe.

Kwangua viungo vilivyooza hadi sentimita 2 au 3, lowanisha, shindilia kwa mwiko mwembamba. Kisha ning'iniza magunia yenye maji kwa wiki moja. Hapa ndipo mafundi wengi huharibu: jua la ziwani hukausha chokaa kabla haijashika, ikabaki unga. Rangi ya nje iwe chokaa nyepesi kama maziwa, mikono 3 au 4, siku moja kati ya kila mkono. Ikiwa mbichi haionekani sana, na ndipo mtu hushawishika kupaka mkono mzito. Ule mzito ndio unaobanduka.

Nyufa msizikimbilie. Chora mstari wa penseli kukatiza ufa, andika tarehe, pima upana kila mwezi kwa msimu wa mvua na wa kiangazi. Kwenye udongo mweusi wa mbuga ufa hufunguka na kujifunga. Unaozidi tu bila kurudi unahitaji mhandisi. Mkuyu ulioota ukutani ukatwe, usivutwe, mizizi hutoka na mawe.

Popo wafungiwe nje kiangazi, si wakati wa watoto. Mkishaziba matundu mengine, wekeni wavu unaoning'inia kwenye tundu la mwisho: watatoka jioni wasiweze kurudi. Kinyesi kilowanishwe kabla ya kufagia, na mfagiaji avae barakoa.

Msitegemee sheria iwalindie jengo. Sheria ya Mambo ya Kale ya Tanzania ya 1964 inalinda moja kwa moja majengo ya kabla ya 1863, na misheni za huku ni changa kuliko hapo: Bukumbi karibu na Mwanza ni ya 1883, Kashozi karibu na Bukoba ya 1892. Mengine yanahitaji kutangazwa na waziri. Hakikisheni hati ya kiwanja iko kwa jina la wadhamini waliosajiliwa RITA, wakala wa serikali wa usajili, ufilisi na udhamini, si la mzee mmoja.

Jengo lililofungwa Jumatatu hadi Jumamosi linaota ukungu. Fungueni madirisha kila siku kavu, saa nne asubuhi hadi saa kumi jioni, kwa zamu za jumuiya. Vyombo vya thamani vipigwe picha na kuandikwa daftarini kabla mlango haujaanza kuachwa wazi. Funguo ziwe seti tatu: kwa padri, mchungaji au imamu, kwa katibu, na kwa jirani anayekaa karibu kiasi cha kusikia bati likipiga usiku wa upepo.