Programu nafuu kwa mtaalamu: mwondolee kero, mwachie uamuzi

Mtaalamu hahitaji kufundishwa kazi na kompyuta. Kinachomchosha ni kunakili namba ile ile mara tatu, kusaka faili na kurudia hesabu aliyoizoea. Shughulikia hayo tu na gharama itashuka yenyewe, kwa sababu sehemu kubwa ya programu hutaijenga kabisa.

Kaa naye siku mbili akiwa kazini. Ukimuuliza anataka nini atakutajia programu anazozijua, kwa hiyo tazama zaidi ya kuuliza: vikaratasi alivyobandika kwenye skrini, maandishi pembeni mwa fomu, na hasa lahajedwali (jedwali la hesabu kama la Excel) aliyojitengenezea. Safu zake ni data anazozijali. Fomula zake ni kanuni za kazi. Chagua kazi moja inayojirudia mara nyingi kwa siku, uiandike hatua kwa hatua, ukihesabu mibofyo na sekunde.

Kisha chora skrini kwenye karatasi, naye ajaze kwa penseli kesi tano halisi zilizoondolewa majina. Kesi ya nne ikikosa pa kuandikwa, umeligundua kosa kabla ya kuandika msimbo.

Hesabu ionekane yote. Mfamasia akikokotoa dozi ya dawa ya maji ya mtoto, jibu tupu la "ml 8.75" halimsaidii, maana itabidi alihakiki kwa kikokotoo chake. Mwonyeshe njia: kilo 14 × mg 15 kwa kila kilo = mg 210; dawa ina mg 24 kwa kila ml; 210 ÷ 24 = ml 8.75. Uzito ukiwa umeingizwa vibaya, ataliona kosa papo hapo. Mruhusu abadilishe jibu, aandike sababu, na rekodi ibaki.

Maonyo yawe machache. Dirisha la "Una uhakika?" likijitokeza kila dakika, mkono huzoea kulifunga bila kusoma, na siku ya hatari halisi nalo hufungwa vivyo hivyo. Kitufe cha kutengua ni bora zaidi. Kazi zote za kila siku ziwezekane kwa kibodi pekee, na kishale kihame kisanduku hadi kisanduku kwa mpangilio wa fomu ya karatasi. Wabunifu wengi hulidharau hili, na ndilo linalomfanya mtu arudi kwenye daftari.

Kwa kompyuta moja, hifadhidata ya SQLite inatosha: ni ya bure, haihitaji seva, na data hukaa kwenye faili moja. Usiiweke faili hiyo kwenye folda ya mtandao, kwani kufuli la kuzuia wawili wasiandike kwa pamoja haliaminiki huko na data inaweza kuharibika. Watu wengi wakianza kuandika kwa pamoja, hamia PostgreSQL, hifadhidata yenye seva, nayo ya bure. Fedha zihifadhi kwa senti kamili. Desimali za kompyuta hupoteza vipande.

Nakala rudufu ya SQLite itoe kwa amri yake ya VACUUM INTO, maana kunakili faili inayotumika huweza kukupa nakala mbovu. Ifungue kwenye kompyuta nyingine, hesabu rekodi zake, ulinganishe na za asili.