Namna ya Kuendesha Mafunzo Endelevu ya Afya ya Wanawake Katika Kituo cha Afya cha Mashinani

Mwongozo huu nimewaandikia wauguzi, maafisa wa kliniki na madaktari walioko katika zahanati, vituo vya afya na hospitali ndogo za Kisumu, Siaya, Vihiga na kaunti za jirani nchini Kenya, na hasa yule ambaye msimamizi wake amemwambia juzi kwamba kuanzia mwezi ujao ndiye atakayeshughulikia mafunzo. Jukumu hilo aghalabu huangukia mgeni kazini, au mtu asiyejua kukataa, na hukabidhiwa bila maelezo yoyote. Nami nilikabidhiwa hivyo hivyo, na mwaka wa kwanza nililitekeleza vibaya. Kila mmoja wetu alichagua mada anayoipenda, akaisoma kutoka kwenye slaidi, tukatia sahihi orodha ya mahudhurio, tukanywa chai, tukarudi kazini. Mwisho wa mwaka pointi za mafunzo zinazotakiwa ili leseni ihuishwe zilikuwa zimetimia, lakini nilipofungua rejista ya uzazi sikuona hata safu moja ambayo mafunzo yetu yalikuwa yameigusa.

Tangu hapo ninashika kanuni moja, nayo ndiyo ninayotaka kuieleza: mada itoke kwenye rejista, mazoezi yafanywe kwa mikono, na matokeo yatafutwe kwenye rejista ile ile.

Kutafuta mada

Kabla ya kupanga ratiba, tenga alasiri moja ambayo kliniki imepungua watu, uchukue rejista ya wajawazito, yaani MOH 405, rejista ya uzazi, yaani MOH 333, pamoja na rejista ya uchunguzi wa saratani ya mlango wa kizazi, ukae nazo kwa kalamu ya risasi na karatasi. Pitia miezi mitatu iliyopita, mstari kwa mstari. Hesabu akina mama ambao nafasi ya presha iko wazi, wale ambao hawakupimwa kaswende katika hudhurio la kwanza, wale waliojifungua bila kiasi cha damu kuandikwa, au kilichoandikwa ni makadirio yale yale kwa kila mama. Ukiona ukurasa mzima una mililita 200 kutoka juu hadi chini, ujue kwamba hakuna aliyepima.

Kisha uliza swali ambalo katika eneo letu haliwezi kuachwa: kati ya wanawake wanaohudhuria kliniki ya dawa za kudhibiti virusi vya UKIMWI, ni wangapi wamechunguzwa mlango wa kizazi, na kati ya waliopatikana na dalili, ni wangapi walitibiwa? Kaunti zinazopakana na Ziwa Victoria ndizo zenye kiwango cha juu zaidi cha maambukizi ya virusi hivyo nchini, na Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba mwanamke anayeishi navyo ana hatari takriban mara 6 ya kupata saratani ya mlango wa kizazi akilinganishwa na asiye navyo. Kwa sababu hiyo mwongozo wa shirika hilo wa mwaka 2021 unataka uchunguzi kwa kipimo cha DNA ya HPV, yaani virusi vinavyoleta saratani hiyo, uanze wakiwa na umri wa miaka 25 na urudiwe kila baada ya miaka 3 hadi 5, ilhali kwa wanawake wengine uanze wakiwa na miaka 30 na urudiwe kila baada ya miaka 5 hadi 10. Pale ambapo mwongozo wa Wizara ya Afya unaotumika kituoni unatofautiana na huo, fuata wa Wizara, lakini wenzako waelezwe tofauti hiyo imetoka wapi.

Kutokana na hesabu hiyo chagua jambo moja tu kwa mwezi, nalo uliandike kama swali jembamba. “Saratani kwa wanawake” ni kichwa cha hotuba. “Kwa nini wanawake waliopatikana na dalili katika VIA, yaani uchunguzi wa mlango wa kizazi kwa macho baada ya kuupaka asidi ya asetiki, hawarudi kutibiwa?” ni swali linalowalazimisha watu kufungua rejista, kupiga simu na kuzungumza na mhudumu wa afya wa jamii.

Kuendesha kipindi chenyewe

Sisi hukutana Alhamisi saa moja na nusu asubuhi kwa dakika 40, kabla benchi la nje halijajaa, na wa zamu ya usiku huombwa kubaki iwapo mada inamhusu. Dakika 10 za kwanza ni za maelezo, zilizobaki zote ni za mikono. Epuka kutegemea projekta, maana stima ikipotea kipindi kinakufa.

Nitaeleza kipindi kimoja kwa undani, kwa kuwa kilinifunza kuliko semina zote nilizohudhuria. Tulikuwa tumegundua kwamba wahudumu wawili waliofanya VIA katika chumba kimoja walitoa matokeo yaliyotofautiana mno, mmoja akipata dalili mara kwa mara, mwingine karibu asipate kabisa. Badala ya kuanza na picha, nilimwomba kila mmoja anionyeshe namna anavyoandaa asidi ya asetiki. Chupa iliyokuwa kwenye troli ilikuwa na maandishi ya kalamu yaliyofutika, haikuwa na tarehe, na mmoja wetu alikiri kwamba huongeza maji kwa kukadiria kwa jicho. Hapo tukaacha kila kitu, tukaandaa upya: mililita 5 za asidi kali zikamiminwa ndani ya mililita 95 za maji safi, kwa kuwa asidi ndiyo humiminwa kwenye maji wala si maji kwenye asidi, tukapata asilimia 5 inayotakiwa, tukabandika tarehe na jina la aliyeiandaa. Asidi kali isiyochanganywa huunguza, hivyo haipaswi kukaa katika chumba cha uchunguzi hata kidogo.

Jambo la pili lilikuwa muda. Asidi ikishapakwa kwa pamba, mhudumu anapaswa kungoja dakika moja kamili kabla ya kusoma. Tulitundika saa ya ukutani yenye mshale wa sekunde mahali ambapo mtu aliyeketi mbele ya kitanda anaweza kuiona bila kugeuka. Mama wa kwanza aliyeridhia wahudumu wawili wasome pamoja, mwenzangu alitaka kuondoa pamba mapema, nikamwambia, “Sista, tungoje.” Mwanzoni mlango wa kizazi ulionekana wa waridi tu. Dakika ilipotimia, upande wa juu kulikuwa na doa jeupe, zito, lenye kingo zilizochorwa wazi, likigusa mstari wa makutano ya seli, yaani pale aina mbili za seli za mlango wa kizazi zinapokutana. Doa kama hilo, lenye kingo na lililoshikana na mstari huo, ndilo linalohesabiwa kuwa matokeo chanya. Weupe hafifu uliotapakaa mbali na mstari sio. Mwenzangu hakusema neno, alichukua rejista akaandika.

Katika kipindi kama hicho sisitiza pia mipaka ya kipimo. Kwa mwanamke aliyekoma hedhi, mstari wa makutano mara nyingi huwa umeingia ndani ya mfereji na hauonekani, kwa hiyo VIA haimfai, na mlango wa kizazi unaoonekana kama una saratani tayari hautibiwi kwa kuchomwa kwa joto kituoni, bali mama hupewa rufaa siku hiyo hiyo, naye apigiwe simu kuthibitisha kwamba amefika.

Zoezi la damu

Zoezi hili la kukadiria damu anayopoteza mama baada ya kujifungua halihitaji fedha, nami ningemshauri kila kituo kilifanye ndani ya miezi mitatu ya kwanza. Changanya lita moja ya maji na rangi nyekundu ya chakula, imwage juu ya leso kuukuu, pamba na godoro la mpira la chumba cha kujifungulia, halafu mwite mhudumu mmoja mmoja aandike kwenye karatasi, bila kuonyesha wenzake, anadhani ni mililita ngapi. Nilipolifanya, wengi waliandika nusu ya kiasi halisi, wakiwemo wenye uzoefu wa miaka mingi, nami nikiwa miongoni mwao siku nilipofanyiwa na mwingine. Jicho hudanganywa na kitambaa.

Baada ya hapo ndipo maelezo yanapoingia akilini. Jaribio la E-MOTIVE, lililohusisha hospitali 80 za Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na Tanzania na kuchapishwa mwaka 2023, lilitumia mfuko wenye vipimo uliowekwa chini ya mama ili damu ipimwe badala ya kukadiriwa, pamoja na matibabu yote ya mwanzo kutolewa kwa mkupuo mmoja: kukanda mji wa mimba, dawa ya kuusinyaza, asidi ya traneksamiki inayopunguza kutokwa na damu, maji ya mshipa, kisha uchunguzi wa chanzo na kuita msaada. Kutokwa na damu kupita kiasi na matatizo yake makubwa kulipungua kwa asilimia 60. Wahudumu hawakupewa dawa ngeni. Walitambua mapema na hawakungoja hatua moja ishindwe ndipo waanze nyingine.

Kwa hiyo fanyeni igizo. Mmoja alale kitandani awe mama, mwingine awe mkunga wa zamu akiwa peke yake, kwani usiku ndivyo hali ilivyo katika vituo vingi. Mtu wa tatu ashike saa na kuandika: oksitosini, ile dawa ya kusinyaza mji wa mimba, ilitoka kwenye friji dakika ya ngapi, ufunguo wa kabati la dharura ulikuwa kwa nani, gramu 1 ya asidi ya traneksamiki ilianza kuingia lini. Dawa hiyo hutolewa polepole kwenye mshipa kwa dakika 10, na inapaswa kutolewa ndani ya saa 3 tangu mama ajifungue. Katika igizo letu la kwanza kilichochukua muda mrefu kuliko vyote kilikuwa ufunguo. Lirudieni igizo hilo hilo, fupi, kila baada ya wiki chache. Ujuzi wa mikono hufifia upesi, na semina ya siku tano mara moja kwa mwaka haiwezi kuuhifadhi.

Kuzungumza na wazazi na akina mama

Mafunzo mengi huruka sehemu hii, nami naona ni kosa. Kenya ilianza kutoa chanjo ya HPV kwa wasichana wa miaka 10 mwezi wa Oktoba mwaka 2019, na hadi leo mzazi anaweza kukuuliza mlangoni iwapo chanjo hiyo itamfanya mwanawe awe tasa. Tengeni kipindi kizima cha kujibu swali hilo kwa Kiswahili, kwa Kijaluo na kwa Kiluhya, mmoja akiwa mama mzazi, mwingine muuguzi. Utashangaa jinsi mtu anayeijua vema biolojia ya virusi anavyokwama anapotakiwa kumwambia nyanya wa msichana, kwa heshima na bila maneno ya kitabu, kwamba chanjo haigusi kizazi bali inazuia virusi vinavyoleta saratani.

Pointi, usiri na msaada wa nje

Pointi zina maana yake, kwa kuwa bila hizo leseni haihuishwi. Kila kada ina baraza lake: Baraza la Wauguzi, Baraza la Maafisa wa Kliniki, na Baraza la Madaktari na Wataalamu wa Meno. Kabla ya kuanza, mwandikie anayeratibu mafunzo katika kaunti ndogo umuulize namna ya vipindi vya kituo kutambuliwa, kisha hifadhi orodha ya mahudhurio, mada na malengo katika faili moja. Shughuli hii ikikamilishwa mwanzoni mwa mwaka, hutasumbuka Desemba.

Mnapojadili mgonjwa halisi, ondoeni jina, nambari ya kadi, kijiji na chochote kinachoweza kumtambulisha. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inadai hivyo, na mama aliyepoteza mtoto anastahili hivyo hata pasipokuwa na sheria. Picha za wagonjwa zisitumwe kwenye kundi la simu. Aidha, kikao cha kupitia kifo cha mama mjamzito kisigeuzwe kuwa mahakama. Nilipata kuketi katika kikao ambacho muuguzi kijana aliulizwa maswali hadi akalia, na kwa miezi iliyofuata hakuna aliyeandika ukweli kwenye faili.

Msaada wa nje upo. Hospitali ya rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga, ambayo wazee wa Kisumu bado wanaiita Russia kwa kuwa ilijengwa kwa msaada wa Muungano wa Sovieti, ina wataalamu wa uzazi, na ukiwaandikia mapema ukiwa na swali mahususi kutoka rejista yako una nafasi kubwa zaidi ya kujibiwa kuliko ukiomba “mhadhara.” Mfumo wa ECHO, ulioanzishwa na Daktari Sanjeev Arora huko New Mexico mwaka 2003, huwaunganisha wahudumu wa mashinani na wataalamu kwa video ili wajadili wagonjwa, bando moja na simu moja iliyoegemezwa kwenye meza hutosha watu sita. Kwa majarida ya kitabibu, uliza katika maktaba ya chuo kilicho karibu kuhusu HINARI, mpango wa Shirika la Afya Duniani ulioanza mwaka 2002 kuzipa taasisi za nchi zetu majarida bila malipo au kwa bei ya chini.

Kurudi kwenye rejista

Baada ya miezi mitatu, keti tena na rejista zile zile, uhesabu mambo yale yale kwa njia ile ile. Usimwachie kazi hiyo karani wa takwimu. Ahesabu mtu aliyefundishwa, akishirikiana na asiyehudhuria. Namba ikiwa haijasogea, usirudie hotuba, bali nenda ukaangalie kilichozuia: pengine mashine ya presha haina betri, au spekulamu, vyombo vya kufungulia uke wakati wa uchunguzi, ni tatu na husafishwa mara moja kwa siku, au mama hupewa tarehe ya matibabu inayogongana na siku ya soko la Kibuye. Andika hesabu mpya kwenye karatasi ile ya kwanza, kando ya ile ya zamani, kwa kalamu ya rangi nyingine, uibandike ndani ya mlango wa kabati la dharura, mahali ambapo wa zamu ya usiku ataiona kila anapofungua.